Kufuli Mbili na Maji ya Newala

Wanangu,

Mnaponiamkia njiani hapa Mkomaindo, shikamoo Bibi, wengi wenu mnadhani nilikuwa mwalimu au nesi. Marahaba. Unesi sikuwahi, na ualimu niliugusa kidogo tu. Kazi iliyonilea mpaka nikazeeka nayo ilikuwa kuandika na kurekebisha kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ambayo mtumiaji haioni, inayoamua programu ipi ikae wapi katika kumbukumbu ya mashine na ipishe lini. Nikisema hivi watu hunitazama usoni, wakatazama kanga niliyojifunga, kisha wakauliza bei ya mbaazi.

Nyinyi mnaojifunza kazi hii hamtauliza bei ya mbaazi, kwa hiyo niwasimulie habari ya kufuli.

Ndani ya kompyuta kazi nyingi huenda kwa pamoja. Mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kilichoandikwa huharibika. Ndiyo maana tunaweka kufuli: aliyeipata anaingia, wengine wanangoja mpaka aiachie. Kufuli ikiwa moja, hakuna taabu. Taabu huanza zikiwa mbili. Huyu ameshika ya kwanza anaitaka ya pili, yule ameshika ya pili anaitaka ya kwanza, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Watu wawili wakikutana hivyo mlangoni, mmoja ataona haya na kurudi nyuma. Mashine haina haya. Itangoja mpaka umeme ukatike.

Hilo ndilo lililotukuta Newala, na mama yangu akaumia.

Lakini siwezi kuwasimulia habari hiyo kabla sijawajulisha Anselmo.

Mimi nilizaliwa Newala miaka michache kabla ya uhuru. Uhuru wenyewe ninaukumbuka kwa mabega ya baba, maana juu yake ndipo nilipokaa kutwa, watu wakiimba. Kisha vita vikaanza ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, na watu wakawa wanavuka mto na kupanda uwandani kwetu wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Siku nyingine tulisikia ndege kwa mbali, na mama akatukusanya ndani kana kwamba ukuta wa udongo ungezuia kitu. Katika watu hao alikuwamo mama mmoja wa Mueda aliyekuja na mtoto wa dada yake. Alifika mgonjwa, akafia nyumbani kwetu. Mtoto akabaki uani ameshika ncha ya kanga ya marehemu. Huyo ndiye Anselmo. Umri wake na wangu ulikaribiana.

Majirani walimuuliza mama atampeleka wapi.

"Nimpeleke wapi tena?" mama alijibu. "Ameshakula ming'oko yangu niliyoichimba porini. Huyu ni wangu."

Basi ikawa hivyo. Mama alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini kila Jumapili ndiye aliyemwamsha Anselmo aende kanisani, na akichelewa alimfuata na fagio. Alisema mama yake aliyemzaa, popote alipo, asije akasema mwanawe alilelewa na watu wasiomcha Mungu.

Tulihamia kijiji cha ujamaa pamoja. Nyumba yetu ya zamani tuliibomoa wenyewe tukabeba miti yake, na mama aligeuka mara nyingi kuitazama mikorosho yake aliyoiacha. Mimi na Anselmo tulikuwa tumefika darasa la juu kidogo, kwa hiyo jioni tuliwafundisha watu wazima kusoma. Mama alikaa mstari wa mbele na hakutuonea haya. Akikosea herufi alimlaumu Anselmo, kwamba mwandiko wake ubaoni umelala.

Masasi, tulipokwenda kusoma sekondari, ndipo tulipokutana na Bwana Kahwa, mwalimu wa hesabu kutoka Bukoba. Suruali yake ilikuwa imenyooshwa hata siku ya vumbi, na alikaa nasi miaka bila kuizoea ming'oko. Alikuwa na sharti moja: ukimaliza hesabu, isome yote kwa sauti mbele ya mwenzako. "Usichoweza kukisema," alituambia, "bado hujakielewa, hata kama jibu umelipata." Tulimcheka sana. Sharti hilo lilikuja kunilisha maisha yangu yote.

Miaka ilipopita Bwana Kahwa alihamia Dar es Salaam kufanya kazi katika kituo kimoja cha kompyuta, na palipopatikana nafasi za watu wa hesabu akatuita. Mashine ya kwanza niliyoiona ilijaza chumba kizima na ilipulizwa ubaridi kuliko sisi. Programu ilikuwa rundo la kadi zilizotobolewa matundu. Anselmo alijikwaa ngazini wiki zake za mwanzo na kadi zikatawanyika hadi chini, kazi ya idara nzima. Kuzipanga upya kulitutoa machozi. Tangu siku hiyo, kila rundo la kadi lililopita mkononi mwake alilipiga mstari wa wino wa mshazari ubavuni, kuanzia kona hadi kona, ili likimwagika tena aone mara moja kadi ipi imepotoka. Kituo kizima kikamwiga. Nyinyi hamtaziona kadi, lakini mtu wa namna hiyo, anayeanguka mara moja kisha akawatengenezea njia watu wote, mkimpata kazini msimwache.

Mashine zikapungua ukubwa, ujuzi ukabadilika. Tulipata mfumo endeshi ambao matini yake, yaani maagizo yaliyoandikwa kuuendesha, ilikuwa wazi kusomwa na kubadilishwa, tukaanza kuurekebisha ufae kompyuta ndogo ndogo za msaada tulizoletewa, ambazo kumbukumbu yake ilikuwa finyu. Mwanzoni kiini chake kilikuwa na kufuli moja kubwa: yeyote aingiaye ndani anakifunga chote. Salama kabisa, na polepole kama jongoo. Tukaikata vipande. Bwana Kahwa akaandika upande wa mafaili na kuweka kufuli ya faili. Anselmo akaandika upande wa kumbukumbu na kuweka kufuli ya ramani. Ramani ni ile orodha inayoonyesha kila ukurasa, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu, uko wapi. Mimi nilikuwa nikijaribu, nikifunga mashine huko zinakokwenda, nikipokea lawama.

Kila mmoja aliusoma upande wake kwa sauti, nasi tukausikiliza, ukawa sawa. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Kumbukeni hilo.

Amani ilipopatikana Msumbiji, Anselmo akaaga. Alitaka kurudi Mueda kuwatafuta ndugu wa mama yake. Nilimsindikiza na sikumwambia neno la maana hata moja; nilimuuliza tu kama amechukua sweta.

Sasa, Newala. Mnajua uwanda wetu ulivyo: udongo mzuri, korosho zinakubali, mihogo inakubali, ila maji yako chini bondeni. Maji hayo hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya juu. Wakubwa wa mradi mmoja wa maji waliomba kituo chetu kiwawekee kompyuta kwenye nyumba ya pampu kule bondeni. Iwe inapokea kwa redio taarifa ya kina cha maji kwenye tangi, tangi likipungua iwashe pampu, likijaa izime. Niliomba kazi hiyo nipewe mimi. Nilitaka mama afungue bomba, ajue ni mimi.

Ilifanya kazi vizuri, nikarudi Dar na kiburi changu. Kisha ikaanza kuganda.

Msimamizi wa nyumba ya pampu alikuwa Mzee Nampoto, mtu wa Newala, mcheshi, aliyezijua pampu zake kwa mlio. Alinipigia simu, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Mama Zuhura, hii ntambo yako inalala na macho wazi."

"Inalalaje, Mzee wangu?"

"Kioo kinawaka, namba za tangi zipo, lakini hazisogei. Nimeichomoa nikaichomeka, ikaamka. Nikadhani yamekwisha. Wapi!"

Ikawa hivyo. Siku kadhaa nzuri, kisha inaganda. Ikigandia pampu zimezimwa, zinabaki zimezimwa, na kama Mzee Nampoto yuko nje na mashine ya dizeli, hakuna anayejua mpaka tangi limekauka. Ilikuwa kiangazi. Visima vya kuvunia mvua vilikuwa vimekwisha. Wanawake wakashika tena njia ya bondeni na ndoo zao, njia waliyodhani wameiaga.

Mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa mzee tayari, na jirani alijitolea kumchotea, lakini mama hakuwa mtu wa kuchotewa. Alipokuwa akipanda mteremkoni na ndoo kichwani, mguu ukateleza. Akavunjika nyonga.

Nilipanda basi la kwanza. Nilimkuta amelazwa, uso umekuwa mdogo. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo ninalisikia:

"Somoe mwanangu, hivi hicho kidude chenu ndicho kilichonirudisha bondeni?"

Nilishika mkono wake tu.

Wakubwa wa mradi walinieleza kwa upole kwamba wataiondoa kompyuta. Sikuwalaumu. Lakini kurudi kwenye mkono kulikuwa na shida yake. Mlinzi wa tangi juu na Mzee Nampoto chini walitegemea simu iliyovutwa kati yao, na simu ile ilikuwa mbovu kuliko kompyuta yetu. Kwa mtindo huo maji yalikuwa yakikatika tangu zamani. Niliomba wanipe muda mpaka mama atakapotoka hospitali. Wakakubali.

Nikakaa na mashine bondeni. Mbele yangu haikuganda! Nilisoma upande wa Bwana Kahwa, nikaona uko sawa. Nikasoma upande wa Anselmo, nikaona uko sawa. Nikampigia Bwana Kahwa, naye akafunga safari kutoka Dar, pamoja na uzee wake na suruali yake iliyonyooshwa. Tukasoma tena wote wawili, na hatukuona kitu. Ndipo nikawatuma wachuuzi wa vitenge waliokuwa wakivuka Ruvuma: mkimpata Anselmo wa Mueda, mwambieni mama ameumia, na mashine imetushinda.

Sikujua kama ujumbe umefika. Siku moja asubuhi nilikuwa nje ya wodi nikipooza uji, nikaona mtu anakuja ana vumbi mpaka kope, viatu mkononi. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi na kupanda kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja hadi kitandani, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama. "Marahaba. Umekula?"

"Bado, mama."

"Somoe, mpe huo uji. Mimi siutaki, hauna chumvi."

Anselmo aliunywa uji huku machozi yakimdondokea bakulini, na mama akamwambia afadhali, sasa utapata chumvi. Nilicheka mpaka muuguzi akatutoa nje.

Bondeni, Anselmo hakusoma matini kwanza. Aliuliza mashine ina kumbukumbu kiasi gani, kisha akaizima, akafungua kasha, akachomoa vipande vya kumbukumbu akabakiza kimoja.

"Kaka, ilikuwa haitoshi, unaipunguzia tena?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Hili kosa linajificha kwenye nafasi, dada. Tulibanie."

Mkumbuke hili, wanangu. Kosa linalotokea mara moja kwa siku nyingi usilingoje likujie kwa hiari yake. Itie mashine dhiki. Ipunguzie kumbukumbu, iongezee kazi, na lile lililokuwa likijitokeza kwa nadra litakuja lenyewe mbio.

Mzee Nampoto aliziendesha pampu kwa mkono wakati sisi tunajaribu. Aliweka birika la chai jikoni. Chai haijachemka, namba kwenye kioo zikasimama.

"Mmekuja kuiponya au kuimaliza?" akauliza.

Sisi tulikuwa tunarukaruka kwa furaha kama wendawazimu.

Kiini kikiganda hivyo, mara nyingi hakijafa. Ukibonyeza vitufe fulani kwa pamoja, kinakuonyesha kila kazi imelala wapi na inangoja nini. Anselmo alibonyeza. Bwana Kahwa akavaa miwani na kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama darasani Masasi. Kazi nyingi zilikuwa zimelala tu kwa kukosa la kufanya. Mbili hazikuwa hivyo.

"Huyu," Anselmo akaonyesha kwa kidole, "ameshika faili, anangoja ramani."

"Na huyu," Bwana Kahwa akasoma, "ameshika ramani, anangoja..." Hakumaliza. Akavua miwani.

Niwaeleze ilivyokuwa. Kumbukumbu ikijaa, kiini huzihamisha diskini kurasa ambazo hazijaguswa karibuni. Programu ikizihitaji, kinazirudisha. Upande wa Bwana Kahwa, kazi ya kuandika kina cha tangi ilishika kufuli ya faili kwanza, halafu ikaanza kunakili. Kwa kawaida ukurasa wa kunakili ulikuwapo, na mambo yakaisha. Lakini siku ambayo ukurasa umehamishwa, ilibidi urudishwe, na ili urudishwe lazima kufuli ya ramani ishikwe. Upande wa Anselmo, kazi ya kurudisha ukurasa ilishika kufuli ya ramani kwanza, na kama ukurasa ni wa faili, ikaitaka kufuli ya faili. Zikipishana sekunde, salama. Zikikutana, zimeshikana mpaka Mzee Nampoto achomoe waya.

Kila upande peke yake ulikuwa sahihi. Tulisoma kila mmoja kwa sauti, lakini hatukuwahi kuzisoma pande mbili pamoja.

Bwana Kahwa alipendekeza turudishe kufuli moja kubwa ya zamani. Tulikuwa na haraka, tukakubali. Mashine haikuganda tena, kweli. Ilikuwa nzito tu. Kila ukurasa ulipoletwa kutoka diskini, kila kitu kilisimama kuungoja, hata taarifa za redio. Taarifa kwamba tangi limejaa ilikaa foleni huku pampu zikizidi kusukuma. Simu ile mbovu siku hiyo ikafanya kazi, mlinzi wa tangi akapiga kelele kutoka juu:

"Huku mmetuletea masika katikati ya kiangazi! Watoto wanaoga barabarani!"

Newala walidhani mradi umepata baraka. Mimi nilipofikiria maji yaliyomwagika juu ya vumbi, na mama yuko kitandani, nilitoka nje nikakaa peke yangu kidogo.

Niliporudi niliwakuta wanabishana. Walikuwa wamekubaliana jambo kubwa: lazima uwe na utaratibu mmoja, kufuli ipi ishikwe kwanza na ipi baadaye, na kila mtu aufuate bila kubahatisha. Hawakukubaliana ipi itangulie.

"Faili kwanza," Bwana Kahwa alisema. "Programu zote zimeshazoea hivyo."

"Mwalimu," Anselmo alimjibu, na sauti yake ilikuwa ya heshima, "ukurasa ukikosekana, kiini hakijui ni wa faili gani mpaka kitazame ramani. Sasa kitaanzaje na faili ambalo hakijalijua?"

Bwana Kahwa alimgeukia. "Rudia," akasema.

Anselmo akarudia, polepole. Bwana Kahwa akayatamka yale yale kwa kinywa chake, kama alivyotulazimisha sisi. Alipofika mwisho alicheka kidogo.

"Haya. Ramani kwanza. Wa kwangu ndio utakaopisha."

Akakaa kuandika upya upande wake mwenyewe. Sasa kazi ya kuandika ingegusa ukurasa kwanza kuhakikisha upo, ndipo ishike kufuli ya faili na kunakili. Ikiwa katikati ya hapo ukurasa umehamishwa tena, isingoje huku imeshika kitu. Iachie faili, ianze upya. Unapongoja, ngoja mikono mitupu. Neno hilo ni la Bwana Kahwa, mimi ninalipitisha tu.

Tukasoma yote kwa sauti, safari hii pande mbili kwa mpigo mmoja. Anselmo naye alikuwa amegeuza kidogo upande wake: mahali pamoja kazi iliachia ramani, ikasubiri diski, kisha ikaishika tena ramani na kuendelea. Alipofika hapo nikamsimamisha.

"Kaka, ulipoiachia, mwingine hakuingia?"

"Anaweza kuingia."

"Akiondoa ukurasa ule akampa mtu mwingine? Wewe unarudi unaandika kwa nani?"

Alitazama kioo. Kisha akanipigia saluti, ile ya wanamgambo tuliyojifunza shuleni, na Mzee Nampoto naye akapiga bila kujua kwa nini. Tukaongeza mistari ya kukagua upya. Wanangu, kufuli ukishaiachia, uliyoyajua kabla ya kuiachia hayana hakika tena. Ukirudi, tazama upya kama mgeni.

Tuliiendesha mashine na kile kipande kimoja cha kumbukumbu kutwa nzima, tukaitwisha kazi za kila namna. Chai ilichemka, ikanywewa, ikachemshwa nyingine. Namba zilisogea. Ndipo tukavirudisha vipande vyote na kufunga kasha. Mwanzoni mwa faili la matini tukaandika kwa Kiswahili, wazi kabisa, kufuli ipi hutangulia ipi. Bwana Kahwa alisema watu wa nchi nyingine hawataelewa. Anselmo akasema watauliza.

Mama alipotolewa hospitali, Anselmo alimbeba mgongoni kutoka kwenye gari hadi ndani. Bombani maji yalikuwapo. Mama alitaka kujua ugonjwa wa mashine ulikuwa nini, na Anselmo akamweleza vizuri kuliko nilivyowaeleza nyinyi: kazi mbili, kufuli mbili, kila moja inamngoja mwenzake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kwa hilo ndiyo mkasome miaka yote hiyo?" akasema. "Kungojana tu?"

"Kungojana tu, mama."

"Mngeniuliza mimi. Nimekaa foleni ya maji maisha yangu yote." Halafu akamwita asogee, akaufuta uso wake kwa ncha ya kanga, kama mtoto. "Asante kuja. Mto ule si wa kuvukwa na kila mtu."

Anselmo alikaa mpaka mama akaweza kutembea kwa mkongojo, kisha akarudi Mueda, ambako alikuwa amempata mjomba mmoja na kaburi la mama yake. Safari hii sikumuuliza habari za sweta. Nilimwambia: kaka, asante kwa maisha uliyonigawia. Alisema na yeye pia, tukaishia hapo, maana tungesema zaidi tusingeweza kuachana.

Bwana Kahwa na mama hawapo tena. Ile kompyuta iliondolewa zamani, zikaja nyingine ambazo sizijui. Sina kitu cha kuwaonyesha. Lakini nikiwahesabu watu waliosimama nyuma yangu katika jambo lile moja, mwalimu aliyekubali kupisha, mzee aliyezungusha pampu kwa mkono huku akitutania, mtoto wa vita aliyevuka mto kwa ajili ya mwanamke ambaye hakumzaa, ninaona nilibebwa. Watu watawaambia kazi hii ni ya mtu na mashine yake. Msikubali.

Juzi nilialikwa Tandahimba kuzungumza na vijana wanaosomea kompyuta. Nilipomaliza habari hii, binti mmoja akanyoosha mkono.

"Bibi, baada ya hapo haikuganda tena?"

"Iliganda, mwanangu, tena sana," nikamwambia. "Ila si kwa sababu ile."